Jitske na Nauli ya Kisiwani

Tangu atoke shule, Jitske Bandstra hakuwahi kuonekana akilipa bei iliyoandikwa. Hakuwa fukara. Baba yake, Sake, alikuwa na kibanda cha samaki wa kukaanga bandarini Oesterzijl, chini ya tuta linalozuia bahari isiingie mashambani, na kibanda hicho kiliwalisha vizuri. Ilikuwa tabia tu. Kuna wanaozaliwa na sauti ya kuimba. Yeye alizaliwa na mizani kichwani.

Kwa mizani hiyo alikuwa ameizunguka Ulaya, majira matatu ya joto mfululizo, akiwa na shanta la mgongoni, dogo hata watu wakamuuliza mizigo mingine kaiacha wapi. Alijua ni mkate gani wa Napoli unauzwa nusu bei jioni na bado ni laini. Alijua hosteli zinazotoa kitanda bure kwa atakayefua mashuka mpaka saa sita mchana. Alijua treni za polepole ambazo watalii hawazisikii, na jinsi ya kuomba lifti kwenye vituo vya mafuta: usimfuate dereva anayecheka na wenzake, mfuate anayekula peke yake, maana huyo ana njaa ya maneno. Aliyesafiri naye alikula akashiba na akalala pakavu. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu ya yatakayofuata.

"Kila cha bure kina mlipaji," alipenda kusema. "Kazi yako ni kuhakikisha si wewe."

Duarte aliisikia kauli hiyo mara ya kwanza Porto, kwenye hosteli ambako Jitske alikuwa akifua mashuka naye akipika. Alikuwa kijana mrefu wa Setúbal, mpole, mpishi wa kweli wa kusomea, ila kwao hakuna aliyekuwa akimlipa kama mpishi. Jitske ndiye aliyemtafutia kazi. Alipiga simu mbili tatu nyumbani, akaambiwa hoteli moja kisiwani, ng'ambo ya Oesterzijl, mpishi wake amevunjika mguu na majira ya wageni ndiyo yanaanza. Wakakubaliana kwamba Duarte awe jikoni alfajiri ya siku itakayofuata kufika kwao. Walipanda magari ya watu kutoka Porto mpaka Friesland, mkoa wa kwao Jitske, bila kukata tiketi hata moja. Duarte alibeba shanta kubwa kama jokofu, na ndani yake, katikati ya nguo, alikuwa amefunga visu vyake vya kazi ndani ya turubai. Alivinunua kimoja kimoja, kila kimoja kwa majira mazima ya kuosha vyombo vya wengine.

Walifika bandarini asubuhi ya Juni, jua likiwa jeupe nyuma ya ukungu mwepesi, upepo ukivuma kutoka kaskazini magharibi. Sake alimwona binti yake kutoka dirishani mwa kibanda, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka kumkumbatia.

"Umekonda."

"Shikamoo na wewe, Baba."

"Na huyu mnara ni nani?"

"Duarte. Mpishi wa hotelini. Mtunzie heshima, anajua kukaanga samaki kuliko wewe."

"Basi asikae hapa muda mrefu," Sake alisema, akampa Duarte mkono. "Mnavuka na feri ya mchana?"

"Tutaona," Jitske alisema.

Sake angeuliza zaidi, lakini foleni ilikuwa imefika kwenye pipa la takataka na mafuta yalikuwa yamepata moto. Akarudi ndani. Kiunoni alikuwa na kikengele kidogo cheusi cha umeme, kama nusu ya wanaume wa kijiji kile na baadhi ya wanawake. Kikilia, mwenye nacho huacha alichoshika, akakimbilia kwenye banda la mashua ya uokozi. Hakuna anayelipwa. Wateja wa Oesterzijl wamezoea: muuza samaki akizima moto akatimka, wanasimama pale pale kwenye foleni wakimngoja.

Duarte alikuwa ameshafika kwenye dirisha la tiketi za feri, pochi mkononi. Jitske akaiwekea kiganja.

"Irudishe. Hapa ni kwetu. Watu wa kwetu hawalipi feri, wanatembea."

"Wanatembea wapi? Pale kuna bahari."

"Ngoja uone ikiondoka."

Na kweli bahari ya pale huondoka. Maji hupwa mara mbili kwa siku, ikabaki nchi ya tope na mchanga mpaka kisiwani, na mtu anayeijua njia anaweza kuvuka kwa miguu kabla maji hayajarudi. Wageni huvuka na kiongozi mwenye kibali. Bibi yake Jitske alivuka bila kibali cha mtu, kikapu kichwani, na alimvusha Jitske mara nyingi akiwa mtoto. Asiyechelewa hupata miguu michafu. Aliyechelewa hupatikana baada ya siku kadhaa, kama bahari ikipenda.

Kiongozi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya kibanda, anakula. Oene Faber, mtu wa maneno mafupi na mdomo mchafu, aliyejulikana kwa kutoza wageni bei moja na wenyeji bei nyingine, na zote mbili kali.

"Oene," Jitske alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Tuko wawili. Tupeleke."

"Leo sitoki."

"Bei ya wenyeji, na huyu nitakufanyia nusu."

"Utanifanyia? Binti ya Sake, umeenda Italia umerudi na mdomo wa muuza nyanya? Nimesema sitoki."

"Sawa, bei kamili yangu na robo tatu yake."

"Leo bamvua, maji yanajaa kupita kawaida. Na sikia upepo unakotoka, unayasukuma huku."

"Upepo huu? Huu hata nguo zilizoanikwa haukaushi."

"Anika za kwako," Oene alisema, akarudia samaki wake.

Jitske aliinuka akicheka. Hapo ndipo ilipokuwepo kasoro yake, kama alikuwa nayo moja tu. Miaka mitatu ya masoko na vituo vya mabasi ilikuwa imemfundisha kwamba "hapana" ni namba ambayo bado haijatajwa. Muuza zulia anasema hapana, mwenye hosteli anasema hapana, dereva wa lori anatikisa kichwa, kisha wote wanakubali. Alisikia bei ndani ya kila katazo. Alipomsikia Oene, hakusikia upepo wala bamvua. Alisikia mzee anayepandisha dau.

"Anataka tumbembeleze," alimwambia Duarte. "Hatumbembelezi. Njia naijua mimi."

"Una uhakika?"

"Nimeipita nikiwa na meno ya utoto."

Wakaenda kuangalia ubao wa maji. Ulikuwa ubao mpya, wa bluu, uliowekwa na bandari Jitske akiwa safarini, na ulionyesha saa ambayo maji yangekuwa yamepwa kabisa. Jitske aliisoma, na kichwani akaongeza saa moja, bila hata kufikiri, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni. Nyumbani kwao kalenda ya maji ilining'inia kwenye msumari jikoni, na kalenda hiyo ilichapishwa kwa saa za majira ya baridi. Kiangazi, saa zote nchini zikisogezwa mbele, bibi alikuwa akiwaimbia: jumlisha moja, jumlisha moja. Kila mtoto wa familia za zamani za Oesterzijl anajumlisha moja.

Lakini ubao wa bluu uliwekwa kwa ajili ya watalii, na ulikuwa umeshajumlishwa. Mgeni yeyote kutoka mbali angeusoma kama ulivyo na asikosee. Ilihitaji mtu wa pale pale, aliyelelewa vizuri, ili akosee.

Kwa hiyo hawakuwa na haraka. Walikula samaki wa Sake, Duarte akauliza unga umechanganywa na nini, Sake akakataa kusema. Kisha foleni ikamvuta Sake tena, nao wakapanda tuta, wakashuka upande wa pili, wakavua viatu. Nchi ilikuwa imelala wazi mbele yao, ya kijivu, inang'aa. Kisiwa kilikuwa mstari mwembamba ambao ukungu uliufuta na kuuchora tena. Maji yalikuwa yamefika mwisho wa kupwa, yakapumua, yakaanza kurudi. Yalikuwa mbali bado, na hakuna mtu anayeyasikia yakiwa mbali.

Tope la mwanzo liliwafika magotini. Duarte aliapa kwa Kireno kila mguu ulipozama.

"Hii ndiyo bure yako?"

"Lipia basi. Feri ile pale."

"Nimeshachafuka. Sasa nataka thamani ya uchafu wangu."

Baadaye mchanga ukawa mgumu, wenye mikunjo kama kaakaa la ng'ombe, na wakatembea vizuri. Duarte akaanza kuimba. Jitske alimwonyesha vilima vya kome, wale wa magamba makali, akamwonyesha alama za miguu ya ndege, akamwambia kwamba hotelini asikubali kulala chumba cha chini kwa sababu kinavuja. Alikuwa na furaha. Nchi ile ilikuwa yake, na alikuwa akimgawia mtu bila gharama.

Kitu cha kwanza kilikuwa ndege. Wale weusi kwa weupe wenye midomo myekundu, ambao hutafuta chakula kwenye tope mpaka maji yawafukuze, waliinuka kundi zima upande wa kaskazini, wakapita juu yao kimya kuelekea nchi kavu. Kisha kundi la pili. Jitske aliwatazama. Mapema mno, alijisemea. Labda kuna mwewe.

Kitu cha pili kilikuwa miguuni. Walifika kwenye kijito kidogo, si kipana kuliko kitanda, na ndani yake kipande cha mwani kilikuwa kinaelea. Kwa hesabu yake kilitakiwa kielee kwenda baharini. Kilikuwa kinarudi walikotoka. Kilikuwa kinakwenda kwao, Oesterzijl, taratibu, kama kinachojua njia.

Jitske alisimama kidogo. Kisha akavuka kijito, na hakusema kitu.

Alikuwa na sababu zake. Mtu ukimwambia, ataogopa, akiogopa atakimbia, akikimbia atazama topeni. Walikuwa wameshapita nusu. Mbele kulikuwa na mkondo mmoja tu wa maana, baada yake ni mchanga mtupu mpaka kisiwani. Nyuma kulikuwa na vijito vingi, na vyote vilikuwa vinaanza kujaa. Alipiga hesabu haraka kama anavyopiga sokoni, na hesabu ikamwambia songa mbele. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini ya hesabu. Simu ilikuwa shingoni mwake, kwenye mfuko wa plastiki. Angepiga, vikengele vingelia Oesterzijl nzima. Baba yake angezima moto, angekimbia na aproni yake, na Oene angesimama na samaki mkononi akitazama ni wajinga wa wapi safari hii.

Akaongeza mwendo.

"Kuna nini?" Duarte aliuliza.

"Hakuna. Miguu inapata baridi."

Mkondo walipoufikia ulikuwa mpana kuliko alioukumbuka. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamesokotana, na yaliingia kwa nguvu kutoka kushoto.

"Ulisema magotini," Duarte alisema.

"Nilisema karibu na magotini."

"Magoti ya nani? Ya twiga?"

Jitske aliingia kwanza. Yalimfika pajani, kiunoni, kisha ardhi ikapotea kabisa chini ya mguu wake na mkondo ukamsukuma pembeni. Duarte alimkamata mkono, akamrudisha. Walisimama ukingoni wakihema, maji yakiwacheza visiginoni mahali ambapo dakika chache nyuma palikuwa pakavu.

Sasa Duarte alielewa. Aligeuka nyuma. Kule walikotoka, kijivu kilikuwa kimegeuka fedha, na fedha ilikuwa inasogea.

"Jitske. Piga simu."

"Bado. Kuna fungu la kome hapo kulia, liko juu. Tukisimama pale tutaona."

"Tutaona nini?"

"Labda upepo utageuka."

"Unasubiri bahari ipunguze bei?"

Walikwenda mpaka kwenye fungu, kome wakiwakata nyayo, na lilikuwa juu kweli, kama meza, na maji yakaanza kuizunguka meza ile bila haraka. Hapakuwa na mawimbi ya kutisha. Maji yalijaa tu, kama ndoo chini ya bomba. Ukungu ulikuwa umekula kisiwa, kisha ukala tuta, na hapakubaki upande wa kutazama.

Maji yalipofika magotini Duarte alianza kuyumba, kwa sababu shanta lake lilishika upepo kama tanga.

"Litupe," Jitske alisema.

"Humo mna visu vyangu."

"Litaloa, litakuzamisha. Litupe, Duarte."

"Toa kwanza visu."

"Hakuna muda wa kufungua. Tupa."

Alimtazama, kisha akafungua mikanda. Shanta liliangukia majini, likaelea kidogo likiwa limelala chali, likazunguka mara moja na kwenda zake kuelekea kule mwani ulikokwenda. Duarte hakulifuata kwa macho. Alinyoosha mkono shingoni mwa Jitske, akachukua mfuko wa simu, akaupasua kwa meno, akapiga namba ya dharura yeye mwenyewe.

Aliyepokea alikuwa mwanamke wa mji wa mbali, sauti tulivu, akauliza wako wapi. Duarte akasema baharini. Akaulizwa bahari ipi, karibu na nini. Hakujua jina la kitu chochote alichokuwa akikitazama. Akampa Jitske simu.

Jitske alitaja Oesterzijl, akataja fungu la kome kusini mwa mkondo, akataja watu wawili.

"Jina lako?"

"Bandstra," alisema. Mwanamke yule hakujua Bandstra ni nani, akamwambia asikate simu.

Bandarini, Jitske alijua, kikengele kilikuwa kimeshalia. Aliona mkono wa baba yake ukizima moto. Aliona migongo ikikimbia. Alikuwa ameitazama picha hiyo utoto wake wote, kutoka upande wa foleni.

Maji yalimfika kifuani. Duarte, aliyekuwa mrefu kwa kichwa kizima, alisimama upande wa mkondo na kumshika mgongoni asibebwe. Alimshika kwa kile kilichokuwa karibu, mikanda ya shanta lake dogo, na aliishika hivyo, vidole vikiwa vimekakamaa, muda mrefu. Mara moja Jitske alitaka kusema kitu, akameza maji ya chumvi badala yake.

Mashua waliisikia kabla ya kuiona. Ilitoka kwenye ukungu ikiwa na rangi ya chungwa, ikapunguza mwendo, na mtu aliyekuwa amelala kifudifudi mbele, mikono nje, alikuwa Sake, aproni ikionekana chini ya koti la kuokolea.

"Wangapi?"

"Wawili," Jitske alisema.

"Leta mkono, kijana."

"Yeye kwanza," Duarte alisema.

"Leta mkono."

Walimvuta Duarte, kisha Jitske. Wakafunikwa mablanketi. Sake alikaa mbele ya binti yake, akamtazama miguu, akamtazama midomo ya buluu, na alipoongea aliongea kwa lugha ya nyumbani, polepole.

"Ulijumlisha saa."

"Ndiyo, Baba."

"Ubao umeshajumlishwa."

Duarte alikuwa akitazama kitu kilichokuwa mgongoni mwa Jitske, kinachovuja maji kwenye sakafu ya mashua.

"La kwako hukulitupa," alisema.

"Ni dogo. Halikuwa zito."

"Hapana," Duarte alisema. "Halikuwa zito."

Kwenye banda la mashua walipewa supu ya njegere na nguo za watu. Oene alikuja, akasimama mlangoni, akahakikisha kwamba wako wawili, akaondoka bila neno. Jitske angelipa chochote atukanwe. Duarte alimuuliza Sake anadaiwa kiasi gani. Sake akasema hakuna malipo, haijawahi kuwapo malipo, kunywa supu.

Alasiri foleni ya kibanda ilikuwa ingalipo, wale wale waliokuwapo mchana na wengine zaidi. Sake aliwasha moto, akampa Jitske aproni kavu. Jitske alikuwa anafunga samaki kwenye karatasi aliponyanyua macho akamwona Duarte amefika mbele, zamu yake, amevaa suruali ya mtu inayomwishia chini kidogo ya magoti.

"Samaki mmoja bei gani?"

"Acha hizo, Duarte. Chukua."

"Nimeuliza bei."

"Kuna lori la maziwa linavuka na feri ya jioni, dereva namfahamu, ukikaa ndani hawaangalii…"

"Mwambie bei," Sake alisema nyuma yake, bila kugeuka.

Akamwambia. Duarte alitoa sarafu kutoka kwenye pochi iliyokuwa bado inanuka chumvi, akaziweka moja moja kwenye kaunta, akachukua samaki wake.

"Kisiwani kuna duka la visu?" alimuuliza Sake.

"Kuna la zana za bustani."

Duarte aliitikia kwa kichwa. Akaenda kwenye dirisha la tiketi, akasimama nyuma ya familia yenye baiskeli, na zamu yake ilipofika alilipa kilichoandikwa.

Feri iling'oa nanga. Ukungu ulikuwa umeondoka na bahari ilikuwa imejaa mpaka miguuni mwa tuta, laini, bila alama. Jitske aliitazama feri ikipita kusini mwa mkondo, juu ya mahali ambapo hapakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba watu walisimama pale. Kulikuwa na mtu mrefu kwenye sitaha, ameegemea reli, anaangalia maji chini au anaangalia nyuma, kwa umbali ule haikujulikana.

"Jitske," baba yake alisema. "Mafuta yanaungua."